Kuomba nako kuna kanuni: osotua na fomu zetu za ruzuku

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa msomaji wa maombi katika mfuko mmoja wa ufadhili, kikundi cha wafugaji wa Laikipia kilituletea andiko la shilingi 2,000,000 la "kujenga uwezo wa jamii kuhimili ukame". Nilipofika kwao nikakuta shida yenyewe ni pampu ya kisima. Imeharibika, fundi anataka 80,000. Mbona hamkuandika hivyo? Wazee wakacheka. Mfuko wetu haukutoa chini ya 1,500,000, kwa hiyo ile pampu ikabidi ivalishwe semina, posho na ripoti za kila robo mwaka.

Wazee haohao wakiombana wenyewe kwa wenyewe, mchezo huo haupiti. Wana osotua, kifungo cha kusaidiana mtu anapopungukiwa.

Kwa Kimaa neno hilo ni kitovu, ule uzi wa mama na mtoto. Sisi wengine tunazika kitovu ardhini tukasema hapo ndipo kwetu; Mmaasai anakifunga kwa mtu. Kifungo huanza kwa ombi na zawadi, mara nyingi mnyama, na kikishafungwa hudumu hata watoto wakakirithi. Kanuni zake ni kali kuliko za mfuko wowote niliofanyia kazi. Huombi ila umepungukiwa. Ukiomba, unaomba kiasi cha upungufu wako, si zaidi. Anayeombwa hutoa, ila tu kama kutoa hakutamwangusha yeye mwenyewe. Hakuna anayehesabu nani alitoa mara ngapi. Mkopo una neno lake jingine, esile, na huo hulipwa.

Mwanaanthropolojia Lee Cronk, aliyewatafiti Wamaasai wa Mukogodo, hukohuko Laikipia, aliwachezesha mchezo wa fedha ambao mmoja anatoa na mwenzake anarudisha. Baadhi yao waliambiwa kwamba mchezo huo ni wa osotua. Ungedhani hao wangemwaga pesa. Kinyume chake, walitoa kidogo kuliko wenzao, na wakatarajia kurudishiwa kidogo. Matokeo hayo yalinichanganya mpaka nilipoikumbuka pampu: katika osotua hutoi ili uonekane mkarimu, unatoa kinachohitajika. Cronk na wenzake, akiwemo Athena Aktipis, waliuiga utaratibu huu kwenye kompyuta, na mifugo ya wenye osotua ikadumu muda mrefu kuliko ya wasiosaidiana.

Sababu haina fumbo. Mvua za huku ni za viraka. Rafiki wa boma la jirani anakaukiwa siku uliyokaukiwa wewe. Wa mbali huenda kwake kumenyesha.

Ndiyo maana mazungumzo ya "kuwapa watu wa asili fedha moja kwa moja" nayaona yamefika nusu ya njia. Mwaka 2021 kule Glasgow, kwenye mkutano wa tabianchi, wafadhili waliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya ardhi na misitu ya jamii za asili. Ripoti yao ya kwanza ilikiri kwamba kati ya fedha zilizokwisha kutolewa, takriban asilimia 7 tu ndizo zilizofika moja kwa moja kwenye mashirika ya jamii hizo. Aibu, sawa. Lakini hata zingefika zote, kama zimefika kwa fomu ileile, mtu ataendelea kuomba kinachoingia kwenye fomu badala ya kinachomkosesha usingizi.

Katika mfuko nilipo sasa tumefuta kiwango cha chini. Ombi linaweza kuja kwa sauti, kwa Kimaa au Kiswahili, nasi tunaliandika. Wanaoamua ni wafugaji wa maeneo yaliyo mbalimbali kwa makusudi, na swali lao la kwanza huwa lile ambalo mimi, pamoja na shahada zangu, sikuwahi kuuliza: umeshawaomba nani kabla yetu? Wapo wanaojibu kwa kutaja majina matano na kueleza kila mmoja amepungukiwa nini. Wapo wanaonyamaza, na ukimya huo kamati inaujua kuusoma.

Udanganyifu haujaisha, nisiwapambie. Osotua inalindwa na watu kujuana, na mfuko hauna kitovu na mtu. Mkaguzi wetu wa hesabu naye bado ananidai risiti ya mbuzi wawili waliotolewa Machi.