Stesheni zisizo na mhudumu Japani: yanayosemwa na yaliyopo

Mwanzoni mwa 2016 habari moja ilizunguka kwenye simu za watu dunia nzima: kule Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kampuni ya reli imeiacha stesheni iendelee kufanya kazi kwa ajili ya mwanafunzi mmoja tu wa kike, mpaka amalize shule. Watu wakatokwa machozi, wengine wakapata pa kuzisemea serikali zao. Mimi naanza nayo kwa sababu inaonyesha vizuri tunavyozikosea stesheni hizi za vijijini, zile ambazo ukishuka hukuti stesheni masta, hukuti dirisha la tiketi, hukuti mtu.

"Ilibaki wazi kwa ajili ya binti mmoja"

Binti alikuwepo kweli. Ila jina lililosambazwa, Kami-Shirataki, halikuwa la stesheni aliyopandia. Yeye alipandia ya jirani, Kyu-Shirataki, kwenye njia hiyohiyo ya Sekihoku. Zote mbili, pamoja na Shimo-Shirataki, zilifutwa kwenye ratiba mpya ya tarehe 26 Machi 2016. JR, yaani kundi la kampuni kubwa za reli za Japani, hubadilisha ratiba zake kila Machi, na siku hiyo ndiyo Shinkansen, treni ya mwendo kasi iitwayo ya risasi, ilianza kuingia Hokkaido. Mwaka wa shule Japani nao huisha Machi. Basi mahafali na kufungwa kwa stesheni vikaangukia mwezi mmoja, na watu wakajijazia hadithi. Sababu ya kufunga ilikuwa kavu zaidi: abiria wamekwisha.

"Japani ni treni za risasi tu"

Hii tuipite haraka. Shinkansen, iliyoanza 1964, ina reli zake zenye upana wa milimita 1,435. Mashambani utakuta njia moja ya reli, behewa moja au mawili ya dizeli, na upana wa milimita 1,067, sawa kabisa na TAZARA.

"Wahudumu wameondolewa na roboti"

Kuna chembe ya ukweli, lakini si roboti. Zamani, kwenye njia moja ya reli, treni mbili zisikutane uso kwa uso ilikuwa kazi ya watu. Stesheni masta wa huku na wa kule walikubaliana nani apite, na dereva alikabidhiwa kisahani cha chuma mkononi kama kibali. Bila hicho haondoki. Mitambo ya kuongoza taa na kubadilisha njia za reli kutoka chumba kimoja cha mbali ilipoenea, kazi hiyo ikahama stesheni, na aliyebaki hapo akawa mkata tiketi tu, katika kijiji ambacho vijana wake wameshahamia mjini. Shirika la Reli la Taifa lilizama kwenye madeni likavunjwa tarehe 1 Aprili 1987, na kampuni za JR zilizorithi njia za visiwa vya Hokkaido na Shikoku hazijawahi kupumua vizuri. Kufikia mwisho wa mwaka wa fedha 2019, karibu nusu ya stesheni zote za nchi, zaidi ya 4,500, hazikuwa na mhudumu. Kwa hiyo si vichekesho vya porini; ni hali ya kawaida ya reli ya Japani.

"Hakuna mtu, basi unapanda bure"

Jaribu uone. Behewa likisimama, mara nyingi unaingilia mlango wa nyuma, na pembeni kuna kimashine kinachotoa kikaratasi chenye namba. Kichukue. Mbele, juu ya kichwa cha dereva, kuna ubao wa namba hizohizo, na chini ya kila namba nauli inapanda kadiri treni inavyokwenda. Ukifika kwako unakwenda mlango wa mbele, unatumbukiza kikaratasi na sarafu kwenye sanduku huku dereva anakutazama. Chenji uvunje mapema kwenye mashine iliyo hapohapo, maana masanduku mengi hayarudishi, na noti kubwa itakuaibisha. Ukikamatwa umekwepa, sheria inaruhusu udaiwe nauli pamoja na faini ya hadi mara mbili yake.

Na hapa wageni wengi hunaswa: kadi ya kugusa waliyoizoea Tokyo haikubaliki kila mahali. Ukigusa kuingia mjini halafu ukashuka stesheni isiyo na kisomeo, unalipa taslimu, kisha kadi inabaki imefungwa mpaka ufike dirisha lenye mtu akufungulie.

"Zimetelekezwa"

Hapa ndipo nabishana na watu zaidi. Mhudumu ameondoka, kazi yake haijaondoka, imegawiwa wengine. Nauli amebebeshwa dereva, na usafi mara nyingi hufanywa na wanakijiji. Koboro, Hokkaido, imebanwa kati ya mahandaki mawili na haina barabara ya kuifikia. JR ilitaka kuifunga, mji wa Toyoura ukakubali kubeba gharama za matunzo. Emi, mkoani Chiba, tangu 2020 iko jengo moja na posta, na karani wa posta ndiye anayekuuzia tiketi. Kishi, mkoani Wakayama, ilibaki bila mhudumu mwaka 2006. Januari 2007 kampuni ikamteua paka wa duka la jirani, Tama, kuwa stesheni masta. Watu wanacheka, lakini abiria walikuja kumwona, na njia ile, ambayo mmiliki wa awali alikwisha kuitupa, iko hai mpaka leo.

Zipo pia zinazojengwa upya bila hata nia ya kumweka mtu. Seiryu Miharashi, karibu na Iwakuni, ilifunguliwa Machi 2019 ikiwa haina mlango wa kuingia wala wa kutoka: unashuka, unautazama mto, unapanda tena.

"Zinapendeza, hazimdhuru mtu"

Zinapendeza kwa mwenye miguu yake na kamera yake. Doai, mkoani Gunma, jukwaa moja liko ndani ya handaki, na ngazi za kupandia juu ni 486, lifti hakuna. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, stesheni bila mhudumu maana yake ni kupiga simu mapema na kuomba mtu atumwe na ubao wa kupandishia kiti. Safari ya ghafla, ile ya "ngoja nikamwone shangazi", haipo tena. Septemba 2020 watumiaji wa viti hivyo mkoani Oita waliishtaki JR Kyushu wakisema uhuru wao wa kusafiri umebanwa. Julai 2022 wizara inayosimamia uchukuzi ikatoa mwongozo wa namna kampuni zinavyopaswa kuwahudumia watu wenye ulemavu kwenye stesheni hizi.