Je, wajua ni kwa nini mabaki ya moto yaliyomo udongoni hubadili makadirio ya ongezeko la joto duniani?

Mti au nyasi zinapoungua, si kaboni yote iliyomo ndani yake inayogeuka kuwa hewa ukaa na kupaa. Pale ambapo oksijeni haitoshi, sehemu ya mmea huungua nusunusu, na mabaki hayo, kuanzia kijiti kilichobabuka hadi chembe laini za masizi, ndiyo yanayoitwa kaboni nyeusi. Wengi wameisikia ikitajwa kuwa mchafuzi wa hewa, na haisingiziwi: masizi yakiwa angani hufyonza miale ya jua na kuongeza joto, na yakitua juu ya theluji huifanya iyeyuke upesi. Hata hivyo, masizi hukaa angani kwa siku chache tu, au wiki moja au mbili, kabla ya kuteremshwa na mvua. Sehemu kubwa ya kaboni nyeusi itokanayo na moto wa nyika na misitu haipai kabisa, bali husalia pale pale moto ulipopita, na humo udongoni athari yake kwa tabianchi ni kinyume cha ile ya angani.

Sababu imo katika muundo wake. Jani likianguka, bakteria na kuvu hulimeng'enya, na kaboni yake nyingi hurudi angani ikiwa hewa ukaa baada ya miezi au miaka michache. Moto, kwa upande wake, hufukuza haidrojeni na oksijeni iliyomo ndani ya mmea, na kaboni inayosalia hushikamana katika pete za atomi sita sita zilizoungana ubavu kwa ubavu, ambazo vimeng'enya vya vijidudu huzivunja kwa shida sana. Uoto unapochipua upya baada ya moto, hufyonza tena hewa ukaa kutoka angani, ilhali kaboni iliyogeuka mkaa bado imo ardhini. Hivyo angahewa hubaki na upungufu kidogo wa hewa ukaa. (Hili halihalalishi kuchoma misitu, kwa maana hesabu hiyo hutimia tu pale uoto unaporudi kama ulivyokuwa.) Inakadiriwa kwamba moto wa mimea duniani huacha takriban tani milioni 250 za kaboni ya namna hii kila mwaka.

Suala la makadirio lina uzito wa pekee. Udongo wa dunia, katika mita moja ya juu, una takriban tani bilioni 1,500 za kaboni ya asili ya viumbe, yaani karibu mara mbili ya kaboni yote iliyomo angani. Hofu ya wataalamu ni kwamba joto likipanda, vijidudu vitachapuka, vitaozesha sehemu ya akiba hiyo na kutoa hewa ukaa zaidi, ambayo nayo itaongeza joto. Lakini kompyuta inayokokotoa makadirio hayo ikielekezwa kuichukulia kaboni yote ya udongoni kuwa ni ya kuoza, jibu litazidi ukweli. Mwaka 2008 mwanasayansi wa udongo Johannes Lehmann na wenzake walionyesha kwamba, katika maeneo mawili ya savana nchini Australia, kuingiza kiasi halisi cha kaboni nyeusi katika hesabu kulipunguza hewa ukaa iliyotabiriwa kutoka udongoni kwa asilimia 18.3 na 24.4, endapo joto lingepanda kwa nyuzi 3 katika miaka 100. Kwa maoni yangu, tofauti ya namna hiyo ni kubwa mno kuachwa nje ya hesabu.

Hata hivyo, kudumu si kutoharibika. Katika bonde la Amazon kuna udongo mweusi ambao wakazi wa kale waliurutubisha kwa mkaa na taka, na mkaa huo ungalipo baada ya mamia ya miaka, mahali pengine zaidi ya elfu mbili. Kwenye nyika ya Urusi, kinyume chake, sampuli zilizochukuliwa takriban karne moja baada ya zile za mwanzo zilionyesha kwamba robo ya kaboni nyeusi ilikuwa imetoweka. Huko kaskazini mwa Sweden, majaribio ya miaka kumi yalionyesha kwamba mboji iliyochanganywa na mkaa ilipotea kwa kasi zaidi, ingawa wakosoaji walihoji kama iligeuka hewa ukaa au ilisombwa na maji tu. Hoja yao ina mashiko, kwa sababu kaboni nyeusi yenyewe husafiri: utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba mito hupeleka baharini takriban tani milioni 26.5 za kaboni nyeusi iliyoyeyuka kila mwaka. Kwa hiyo ikipungua shambani au msituni, haimaanishi moja kwa moja kwamba imerudi angani. Huenda imehamia tu majini, ambako mwanga wa jua huweza kuzivunja pete zile zilizowashinda vijidudu.