Nyenje Anayetoroka Si Yule Uliyemnunua

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha wanyama watambaao na amfibia huanza hivi: kuna nyenje, mdudu anayenunuliwa awe chakula cha vyura na mijusi, analia nyuma ya kabati na usingizi umekwisha. Anayelia ni dume. Jike halii kabisa, kwa hiyo unaowasikia ni baadhi tu ya waliotoka.

Wafugaji wengi hulikagua kasha la kioo la mnyama wao wakimfikiria mdudu waliyemleta. Nyenje aliyekomaa ana urefu wa sentimita 2 hivi, na kweli hapiti kwenye tundu dogo. Lakini mwangalie jike kwa karibu: nyuma ya tumbo lake kuna kitu kama sindano ndefu. Akipata udongo wenye unyevu, kwa mfano kwenye mmea wa ndani ya kasha la chura, huichoma sindano hiyo ardhini na kutaga. Maishani mwake anaweza kutaga mayai zaidi ya mia. Joto likikaribia nyuzi 30, mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi, na watoto wanaotoka wana urefu wa milimita 2 au 3, miili myembamba kuliko punje ya ufuta. Hao ndio wa kupimia matundu. Mzazi wao huenda aliliwa siku nyingi zilizopita.

Jambo hili lilitukuta wenyewe. Kasha la kinyonga lilikuwa na wavu mzuri juu na milango iliyofungwa barabara, lakini kila asubuhi tulikuta vinyenje sakafuni. Usiku mmoja tulizima taa zote, tukaweka tochi ndani ya kasha na kulizunguka taratibu. Mwanga ulivuja sehemu mbili: pale waya wa kipimajoto ulipopita, na katikati ya vioo viwili vya mlango wa kusukuma. Tangu hapo, hakuna kasha letu linaloingia mnyama kabla ya jaribio la tochi.

Tundu la waya lizibe kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kisha uiache ikauke mpaka harufu kama ya siki iishe kabisa kabla ya kumrudisha mnyama. Sponji hainiridhishi, kwa sababu nyenje huitafuna. Wavu wa plastiki huutafuna pia, hivyo tumia wa chuma kisichoshika kutu, wenye matundu madogo kuliko kichanga wa nyenje. Nafasi kati ya vioo vya mlango huzibwa kwa ukanda laini wa plastiki. Kumbuka pia kwamba nyenje hatelezi kila mahali. Kioo safi humshinda, lakini mstari wa silikoni kwenye kona na madoa ya chumvi ya maji humpa ngazi ya kufika juu.

Baada ya hapo anabaki mkosaji mkubwa, yaani mkono wa mfugaji. Kasha bora kuliko yote halisaidii kitu likifunguliwa huku kopo la nyenje kumi na tano likitikisika mkono wa pili. Waweke wadudu kwenye friji dakika tano hivi. Wakipoa wanakuwa wazito, hawarukiruki. Toa wachache wanaoweza kuliwa kwa mlo mmoja, uwaweke kwenye bakuli lenye kuta ndefu na laini. Waliobaki watoe jioni, maana nyenje mwenye njaa humng'ata mjusi aliyelala.

Nzi wa matunda wanaolishwa vyura wadogo ni kisa kingine. Aina yenye mabawa mafupi, ikikuzwa kwenye joto kali, mabawa hurefuka. Ikichanganyika na nzi wa kawaida wa jikoni, watoto huruka kama kawaida. Kabla ya kufungua chupa yao, igongegonge mezani ili washuke chini, na ndani ya kasha weka kipande cha ndizi wakusanyike hapo badala ya kupanda kwenye mwanga. Mende wa kufugwa ni rahisi zaidi: kwenye ndoo yao (si kwenye kasha la mnyama) paka mkanda wa mafuta ya mgando, upana wa sentimita 5, chini kidogo ya ukingo.

Wakishatoka, usishike dawa ya kupulizia. Ngozi ya chura hupitisha kemikali kwa urahisi, na mvuke hauchagui chumba. Chukua chupa ya kioo yenye kuta laini, weka kipande cha karoti ndani, izungushie karatasi kwa nje ili wapate pa kupandia, uiache kando ya ukuta usiku kucha. Asubuhi utawakuta chini ya chupa, wengine wakiwa hai kabisa, lakini usimrudishie mnyama wako hata mmoja: hujui walikula nini nyuma ya kabati.