Kusoma mara kumi si kudurusu

Maneno ni yaleyale, anabadilika msemaji tu: "Mimi tatizo langu ni nidhamu. Nikiweza kukaa na kitabu saa nne mfululizo, nitafaulu." Ukimuuliza hizo saa mbili anazokaa sasa huwa anafanya nini, atakwambia anasoma noti, anapigia mstari kwa kalamu za rangi, kisha anasoma tena yale yaliyopigiwa mstari. Ndugu yangu, nidhamu unayo. Mtu asiye na nidhamu hawezi kusoma sura moja mara sita bila kusinzia. Unaimwaga tu mahali isipozaa.

Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi makala fupi. Kundi moja liliisoma kwa vipindi vinne vya dakika 5. Jingine liliisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu vilivyobaki likawa linaandika yote linayoyakumbuka, makala ikiwa imeondolewa, bila kusahihishwa. Kundi la kwanza lilipitia makala mara 14 hivi kwa wastani, la pili mara 3 na kidogo. Walipopimwa baada ya dakika 5, wasomaji waliongoza: walikumbuka asilimia 83 ya makala, wenzao 71. Waliopimwa baada ya wiki moja, matokeo yalipinduka: 40 kwa 61. Na waliosoma mara 14 ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba wangekumbuka.

Hapo ndipo watu wanaponichosha. Wakiona tarakimu hizo hutikisa kichwa, wakakubali, kisha wakasema, "Lakini mimi nikirudia kusoma naona kabisa kwamba inaingia." Ndiyo, unaona. Hata wale waliona. Macho yakikutana na sentensi kwa mara ya tano yanaiteleza bila kikwazo, na huo wepesi unauhesabu kuwa ujuzi. Ila kinachopimwa kesho si kama utaitambua sentensi ukiiona. Ni kama utaitoa kichwani pasipokuwa na sentensi yoyote mbele yako. Hizo ni kazi mbili, na ya kwanza haikufanyishi mazoezi ya pili hata ukirudia mpaka alfajiri.

Utaratibu wa kujipima ni mfupi. Soma sehemu moja, kurasa tatu hadi tano. Funga. Chukua karatasi tupu uandike unachokumbuka kwa maneno yako, dakika 5 hadi 10. Ukikwama, kaa hapohapo walau dakika moja kabla ya kufungua kitabu. Wengi hukaa sekunde tano, wakachungulia, wakasema "ah, hii niliijua", wakaendelea. Huko ni kusoma kwa mara nyingine, umezidisha karatasi tu. Ile dakika ya kutafuta kichwani, yenye kero na aibu kidogo, ndiyo somo lenyewe. Baada yake fungua, jaza mapengo kwa wino wa rangi nyingine, acha. Kesho yake anza na karatasi tupu kabla ya kugusa kitabu. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kisingizio cha "ngoja nijikumbushe kidogo kwanza".

Wanaotumia kadi, zile zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili, nao wana yao. Kadi iliyoandikwa "Eleza usanisinuru" ni mtihani mzima uliobanwa kwenye kikaratasi. Hutajua umekosea wapi. Andika: "Oksijeni inayotolewa katika usanisinuru inatokana na nini?" Jibu: maji. Swali moja, jibu moja. Tamka jibu au uliandike kabla ya kugeuza kadi. Ukigeuza kisha ukajiambia "nilikuwa nalo mdomoni", umekosa, irudishe kwenye kadi za kurudiwa mapema. Na usiitupe kadi kwa kuwa umeipata mara moja; kupata mara moja dakika tatu baada ya kuisoma hakuthibitishi kitu.

Kuhusu kupanga siku: kadiri mtihani ulivyo mbali, ndivyo pengo kati ya kudurusu na kudurusu linavyopaswa kuwa refu. Utafiti wa Cepeda na wenzake wa mwaka 2008 ulikuta kwamba kwa kitu kitakachopimwa baada ya wiki moja, pengo zuri ni kama asilimia 20 hadi 40 ya muda huo, yaani siku moja hadi tatu. Kwa kitakachopimwa baada ya mwaka ni asilimia 5 hadi 10, yaani wiki tatu hadi tano. Na tafadhali msiniletee ile chati ya "unasahau asilimia 70 kwa siku moja". Chanzo chake ni Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani aliyechapisha matokeo yake mwaka 1885. Alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na alichopima ni muda uliookolewa katika kujifunza upya. Sura yako ya historia si orodha ya silabi.

Simu iwe chumba kingine. Hilo halina mjadala.

Sasa, yapo yasiyotulia. Watafiti bado wanavutana kama faida ya kujipima hupungua pale vipande vya somo vinapotegemeana sana. Kwa anayeanza hesabu za aina mpya, kusoma kwa makini mifano iliyokwisha kukokotolewa hufundisha vizuri kuliko kumrushia maswali asiyoweza hata kuyagusa. Karatasi yako ikibaki tupu kabisa, hujasahau: hukuelewa, rudi usome. Na ugumu uwe kiasi gani? Mimi huwaambia watu walenge kukumbuka nusu au zaidi kidogo kwa jaribio la kwanza, lakini hicho ni kipimo cha kazini, hakitoki kwenye kanuni yoyote.

Jambo jingine: ukijipima kwa dakika 25 utachoka kuliko ulivyozoea kuchoka kwa saa mbili za kusoma, na utaondoka ukihisi umefanya vibaya. Usiongeze saa kufidia hisia hiyo. Kama mtihani unaanza baada ya dakika tano na umesimama mlangoni, hapo soma noti zako kwa raha zako. Kwa dakika tano hizo, kusoma ndiko kulikoshinda.