Kwa nini mgonjwa aliyepasuliwa kwa roboti anawahi kurudi nyumbani?

Kwanza tuweke hili sawa maana ndo linalowatisha wengi, roboti haimpasui mtu yenyewe. Hamna mashine inayojiamulia ikate hapa ishone pale. Anayepasua ni daktari, na kwa kawaida yuko humohumo thieta, kakaa hatua chache kutoka kwa mgonjwa, macho kayaweka kwenye kioo kinachomuonyesha ndani ya tumbo kwa picha iliyokuzwa mpaka mara 10, vidole viko kwenye vishikio na miguu kwenye pedeli, na kila anachofanya kwa vidole ile mikono ya mashine inakifuata palepale, akitulia nayo inatulia. Mashine maarufu zaidi inaitwa da Vinci, ya Wamarekani, kwao iliruhusiwa mwaka 2000.

Sasa faida kwa mgonjwa inatokea wapi? Chukua tezi dume, maana ndo operesheni iliyoipa roboti jina. Mzee akikutwa na saratani ambayo haijasambaa anaweza kushauriwa tezi itolewe yote, na hiyo tezi imejificha pabaya kweli, iko chini ya kibofu nyuma ya mfupa wa kinena, njia ya mkojo inapita katikati yake, kushoto na kulia kuna neva nyembamba za nguvu za kiume, na kwa juu kuna fungu la mishipa ya damu ambalo likikatwa vibaya damu inabubujika mpaka daktari haoni anachofanya.

Kwa njia ya zamani tumbo linafunguliwa kuanzia chini ya kitovu. Kwa roboti yanatobolewa matundu 5 au 6, mengi upana wake ni kama milimita 8, halafu tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kuwe na nafasi ya kufanyia kazi. Hiyo gesi ina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui, presha yake inaibana ile mishipa ya vena isivuje sana. Huko Brisbane, Australia, walichukua wanaume zaidi ya 300 wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine roboti wengine kisu cha kawaida, matokeo ya kwanza yakatoka 2016: waliofunguliwa tumbo walipoteza damu wastani wa lita 1.3 hivi, wa roboti hata nusu lita haikufika. Hospitali wa roboti walikaa siku moja na nusu, wenzao zaidi ya tatu. Kwetu ambako ndugu wanaambiwa kabisa walete watu wa kuchangia damu kabla ya operesheni, hiyo si faida ndogo.

Na kuwahi kutoka wodini sio suala la kitanda tu. Mtu ambaye tumbo halijachanwa anaweza kukohoa, kuvuta pumzi mpaka mwisho, kuinuka na kutembea mapema, na kutembea mapema ndo kunakopunguza damu kuganda miguuni na kifua kuingiwa na maambukizi. Uingereza walifanya utafiti wa wagonjwa wa saratani ya kibofu ukatoka 2022, wale wa roboti walipata shida chache za damu kuganda na za vidonda. Usishangae tu ukiamka bega linauma wakati hakuna aliyeligusa, ni ile gesi imesumbua msuli ulio chini ya mapafu, inapita baada ya siku chache. Na kama ni tezi dume, mpira wa mkojo utakaa nao kama wiki hivi hata kama umetoka hospitali kesho yake.

Lakini mtu makini atauliza, si hata upasuaji wa matundu madogo bila roboti upo? Upo, na sehemu kubwa ya faida nilizotaja inatoka kwenye udogo wa matundu. Tofauti ni kwamba vifaa vya kawaida vya matundu ni vijiti vilivyonyooka, daktari akisogeza mkono kulia ncha ndani inaenda kushoto, na kushona navyo kwenye kona ya nyonga ni mtihani. Ncha za roboti zinakunjika kama kifundo cha mkono, mtetemo wa vidole unachujwa, na daktari akisogeza mkono sana ncha inasogea kidogo tu, kwa hiyo tezi ikishatolewa, kuunganisha kibofu na njia ya mkojo bila kufungua tumbo kunakuwa rahisi zaidi. Ila kwa kutoa kifuko cha nyongo cha kawaida, mimi sioni sababu ya mgonjwa kulipa bei ya roboti.

Kuna na upande mwingine lazima usemwe. Kule Brisbane baada ya miaka miwili, uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume ulikuwa sawa kwa makundi yote mawili, kwa hiyo anayekuahidi kwamba roboti inalinda ndoa yako anakuuzia. Na kina mama wasikilize hapa: utafiti wa kimataifa wa 2018 ulionyesha saratani ya shingo ya kizazi iliyo hatua za mwanzo ilirudi zaidi kwa waliopasuliwa kwa matundu, ikiwemo roboti, kuliko waliofunguliwa tumbo. Hapo tundu dogo sio hoja.

Mwaka 2001 daktari Mfaransa Jacques Marescaux akiwa New York alitoa kifuko cha nyongo cha mama aliyelazwa Strasbourg, Ufaransa, roboti ikifuata mikono yake kuvuka bahari. Taasisi yake, IRCAD, ilifungua kituo Kigali mwaka 2023, na madaktari wa Afrika wanajifunza pale upasuaji wa matundu. Kwa hiyo kama hospitali yako haina roboti usikate tamaa, muulize daktari kama operesheni yako inafaa kwa matundu, na yeye mwenyewe ameshafanya ngapi za namna hiyo.