Fesilifti: zile aina zinatofautiana wapi hasa

Mtu akiskia fesilifti, yaani upasuaji wa kuinua uso uliolegea, anawaza ngozi inavutwa nyuma inashonwa, basi. Halafu anaingia mtandaoni anakutana na majina kibao, mini, SMAS, dipu plein, MACS, lifti ya shingo, na kliniki nazo zimeongeza majina yao ya biashara juu yake, anatoka amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Shida ni kwamba hayo majina hayaongelei kitu kimoja. Kuna yanayotaja tabaka linalovutwa, mengine yanataja urefu wa mkato, mengine sehemu ya uso, kwa hiyo kuuliza "ipi bora, mini au SMAS" ni swali ambalo halijakaa sawa kabisa, manake mini inaweza ikawa SMAS hiyohiyo.

Tuanze na tabaka. Juu kuna ngozi, chini yake mafuta, chini ya mafuta kuna utando mgumu ulioungana na misuli ya uso ndo unaitwa SMAS, na huo ukishuka shingoni unaendelea na msuli mmoja mpana mwembamba, platisma. Neva zinazokuwezesha kutabasamu na kufumba macho zinapita chini ya utando huo, ndo maana kuingia huko sio kazi ya mtu wa kubahatisha. Halafu kuna ligamenti, vikamba vifupi vinavyoshikilia nyama za uso kwa ndani.

Upasuaji wa mwanzo kabisa, Ujerumani miaka ya mwanzo ya 1900, ulikuwa wa ngozi tupu, unakata kipande karibu na sikio unashona. Ila ngozi inanyumbuka, ukiivuta peke yake ni sawa na kunyoosha shuka juu ya godoro lililobonyea, baada ya muda inalegea tena, na ukizidisha kuvuta mdomo unakwenda pembeni na kovu linatanuka. Mwaka 1974 Tord Skoog wa Uswidi akaeleza namna ya kuinua ngozi pamoja na tabaka la chini yake, 1976 Wafaransa Mitz na Peyronie wakauelezea ule utando wa SMAS, na kuanzia hapo mambo yakabadilika.

Fesilifti ya SMAS sasa: daktari anaachanisha ngozi, kisha anashughulika na utando wenyewe, anaukunja na kuushona, au anakata ukanda wake, au anauinua na kuuvuta. Mzigo wote unabebwa na utando, ngozi inalazwa tu juu na ile iliyozidi inakatwa. Dipu plein, ambayo Sam Hamra wa Marekani aliiandikia mwaka 1990, inapita chini ya SMAS, inaachia zile ligamenti na kuinua ngozi na utando vikiwa vimeshikana. Wanaoipenda wanasema inainua vizuri zaidi shavu la katikati. Madaktari wenyewe bado wanabishana kama kweli inazishinda nyingine, so ukiona tangazo linasema ndo mfalme wa zote, punguza munkari kwanza.

Mini ni habari ya mkato. Ule wa kawaida unaanzia kwenye nywele juu ya sikio, unashuka mbele yake, mara nyingi unafichwa nyuma ya kale kanyama kagumu ka mlangoni mwa tundu la sikio, unazunguka ndewe, unapanda nyuma hadi kwenye nywele za kisogo. Wa mini unaishia karibu na ndewe. MACS, iliyotoka Ubelgiji, ni ya familia hii, nyuzi zinavuta nyama kwenda juu. Inafaa taya lililoanza kulegea, ila shingo iliyolegea sana haiiwezi, hapo inatakiwa lifti ya shingo ambapo mara nyingi kingo za platisma zinashonwa pamoja kupitia mkato mdogo chini ya kidevu.

Lifti ya nyuzi peke yake, yaani kupitisha nyuzi chini ya ngozi ili ziivute, mimi siiweki humu kwenye fesilifti, hakuna ngozi inayoondolewa na matokeo yake hayadumu sana. Na hakuna fesilifti inayofuta madoa wala vile vimistari vidogo juu ya mdomo, hiyo ni kazi ya leza na mengineyo, kope na paji la uso nazo zina upasuaji wake.

Hatari inayotokea zaidi ni damu kuvilia chini ya ngozi, hasa masaa 24 ya kwanza, na wanaume na wenye presha wako kwenye hatari zaidi. Ganzi karibu na sikio ni kawaida kwa muda. Ndewe ikishonwa kwa kuvutwa inashuka na kugandana na shavu, ukiona hivyo ujue mshono ulikazwa vibaya. Wavutaji sigara ngozi inaweza kufa hasa nyuma ya sikio, ndo maana madaktari wengi wanataka uache wiki kadhaa kabla na baada, na nikotini ya vepu inahesabika vilevile maana nayo inabana mishipa ya damu.