Mtaguso haukufuta Kilatini

Nafundisha liturujia, yaani ibada rasmi ya Kanisa, kwa makatekista na wanakwaya, na sikumbuki semina iliyokwisha bila mtu kusimama na kusema, "Mwalimu, lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, si ulipiga marufuku Kilatini?" Mara ya mwisho aliyesema hivyo alikuwa kiongozi wa kwaya, na wenzake wote wakaitikia kwa kichwa. Nimejibu swali hili kwa mdomo miaka mingi. Sasa nalijibu kwa maandishi.

Fungueni hati yenyewe. Sacrosanctum Concilium, hati ya Mtaguso huo kuhusu liturujia, ilitangazwa tarehe 4 Desemba 1963, baada ya kura 2,147 za kukubali na 4 za kukataa. Namba 36 inaagiza matumizi ya Kilatini yadumishwe katika liturujia za madhehebu ya Kilatini. Ndipo inaporuhusu lugha za wenyeji zipewe nafasi pana zaidi, hasa katika masomo, mawaidha na baadhi ya sala na nyimbo. Namba 54 inataka waamini waweze kusema au kuimba pamoja, hata kwa Kilatini, sehemu za Misa zinazowahusu. Namba 116 inaupa wimbo wa Kigregori, uimbaji wa kale wa Kanisa kwa Kilatini, nafasi ya kwanza. Marufuku iko wapi hapo? Ruhusa ya lugha nyingine ilipanuliwa hatua kwa hatua baada ya Mtaguso, kwa maombi ya mabaraza ya maaskofu na kibali cha Roma. Naipokea ruhusa hiyo kwa moyo wote, maana watu wanapaswa kuelewa Neno la Mungu. Ila ruhusa ya lugha moja haikuwa hukumu ya kifo kwa nyingine.

Mzizi wa kosa ni kuchanganya lugha na Misale, kitabu cha sala za Misa. Misale ya Papa Paulo VI, iliyoanza kutumika Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 30 Novemba 1969, iliandikwa kwa Kilatini. Tunazosoma altareni ni tafsiri zake. Padre akiadhimisha Misa hiyo kwa Kilatini tangu ishara ya msalaba hadi baraka, bado ni Misa ileile ya sasa, na kanuni ya 928 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamruhusu. Ile inayoitwa Misa ya zamani ni jambo jingine: inafuata Misale ya 1962, yenye kalenda yake, sala zake za matoleo na mpangilio wake wa masomo. Hiyo ndiyo Papa Benedikto XVI aliyosema mwaka 2007 kwamba haikuwahi kubatilishwa, na ndiyo Papa Fransisko aliyoiwekea mipaka kwa barua yake Traditionis Custodes ya tarehe 16 Julai 2021, akiweka ruhusa mikononi mwa askofu wa jimbo. Mtu akikataza kwaya kuimba Sanctus kwa kutaja barua hiyo ya 2021, hajaisoma.

Kwa wanakwaya ushauri wangu haujabadilika: anzeni na Pater Noster (Baba Yetu), kisha Sanctus (Mtakatifu) na Agnus Dei (Mwanakondoo wa Mungu), na mwisho Credo (Nasadiki). Mwaka 1974 Paulo VI mwenyewe aliwatumia maaskofu kijitabu cha Jubilate Deo, chenye nyimbo chache za Kigregori ambazo alitaka kila mwamini azijue. Mwezi mmoja wa mazoezi unatosha kwa Pater Noster. Nimeona kwaya za watoto zikiiweza.

Wengine husema: "Zamani padre alitupa mgongo, Mtaguso ukamgeuza." Hati ya Mtaguso kuhusu liturujia haisemi neno juu ya kumgeuza padre. Misale ya sasa bado inamwelekeza awageukie watu anaposema "Salini, ndugu", maelekezo yanayochukulia kwamba huenda alikuwa ameielekea altare pamoja nao.

Sasa niwageukie wenzangu tunaoyapenda mapokeo na Misa ya zamani, maana nasi tuna makosa yetu. Husemwa kwamba Papa Pio V aliifunga Misale milele mwaka 1570. Klementi VIII aliirekebisha 1604, Urbano VIII 1634, Pio XII akatengeneza upya Juma Kuu 1955, na Yohane XXIII akaliingiza jina la Mtakatifu Yosefu katika Kanuni ya Kirumi, sala kuu ya Misa. Misale ya 1962 tunayoitetea imebeba mabadiliko hayo yote.

Na anayesema Misa ya Paulo VI ni batili, asimtaje Askofu Mkuu Lefebvre, kiongozi maarufu wa waliopinga mageuzi ya Misa, kuwa shahidi wake. Katika makubaliano na Roma aliyotia sahihi tarehe 5 Mei 1988 alikiri uhalali wa Misa hiyo. Kesho yake alijiondoa kwenye makubaliano, na Juni akaweka wakfu maaskofu bila idhini ya Papa, lakini hoja ya ubatili hakuifundisha.

Kutokukosea kwa Papa pia kunavutwa huku na huku. Tamko la 1870, la Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, linahusu mafundisho ya imani na maadili anayoyatangaza rasmi kwa Kanisa zima kutoka kiti cha Petro, yaani kwa mamlaka yake kamili ya kipapa. Mahojiano ndani ya ndege hayamo. Tamko hilohilo linasema Roho Mtakatifu hakuahidiwa kwa waandamizi wa Petro ili wafundishe jambo jipya, bali wailinde amana ya imani.

La mwisho ni komunyo. Anayepokea kwa ulimi asifukuzwe kwenye foleni wala kuambiwa amepitwa na wakati: namba 92 ya Redemptionis Sacramentum, maelekezo ya Roma kuhusu Ekaristi ya mwaka 2004, inasema daima ana haki hiyo.